Sentimita moja moja: je, Bubka alitunyima kimo chake?

Tarehe 15 Septemba 2025 jiji la Tokyo lilitoa dhahabu mbili ambazo huku Kigoma zimezaa ubishi mmoja. Asubuhi Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 waliachana kwa sekunde 0.03. Jioni, kwenye uwanja ule ule, Armand Duplantis wa Sweden aliruka kwa upondo mita 6.30. Ilikuwa rekodi yake ya dunia ya 14, na tangu alipofikisha 6.17 mwezi Februari 2020 hajawahi kuipandisha kwa zaidi ya sentimita moja kwa mara moja.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, mkazi wa Ujiji, aliyepeleka wanafunzi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa miaka mingi na anayeheshimika na kila anayefanya mazoezi Uwanja wa Lake Tanganyika, anasema dhahabu hizo mbili si za aina moja. Simbu alimwaga kila alichokuwa nacho mpaka tone la mwisho. Duplantis, kwa maneno ya Mwalimu, anatupimia kwa kibaba. Vijana wanaokimbia naye asubuhi wanamjibu kwamba kazi ya mwanariadha ni kushinda na kula kwa jasho lake, na hakuna sheria inayomtaka aumalize uwezo wake wote siku moja ili sisi tufurahi.

Mimi naona kesi hii isihukumiwe kwa Duplantis, ambaye bado anaruka. Ihukumiwe kwa mtu aliyeianzisha desturi hiyo na ambaye jalada lake limefungwa: mrukaji wa upondo Sergey Bubka.

Bubka alizaliwa Luhansk, Ukraine, mwaka 1963, enzi za Muungano wa Kisovyeti. Mwaka 1983, akiwa na miaka 19 na karibu hakuna aliyemjua, alitwaa ubingwa wa dunia Helsinki. Akautwaa tena Roma 1987, Tokyo 1991, Stuttgart 1993, Göteborg 1995 na Athens 1997. Mara sita mfululizo. Julai 13, 1985, mjini Paris, akawa binadamu wa kwanza kuruka mita 6.00. Mpaka anastaafu alikuwa ameweka rekodi za dunia 35: 17 katika viwanja vya wazi na 18 katika kumbi za ndani, maana wakati huo zilihesabiwa mbalimbali.

Kinachomkera Mwalimu kinaonekana vizuri zaidi mwaka 1991. Mwezi Mei, Shizuoka, Bubka aliruka 6.07. Juni, Moscow, 6.08. Julai, Formia nchini Italia, 6.09. Agosti, Malmö, 6.10. Miezi minne, miji minne, sentimita nne. Na mwezi Machi mwaka huo huo, akiwa ndani ya ukumbi, alikuwa tayari ameruka 6.12! Mtu aliyekwisha kuruka 6.12 kabla ya Pasaka, anauliza Mwalimu, anasherehekeaje 6.07 mwezi Mei? Ilisemwa wazi wakati ule, na inasemwa hadi leo, kwamba kila rekodi ilikuwa na bonasi yake. Rekodi moja, malipo mara moja. Ukipandisha ufito unaorukwa sentimita nne kwa mkupuo, umelipwa mara moja kwa kazi ambayo ingekulipa mara nne.

Upande huo wa Mwalimu una nguvu kuliko vijana wanavyokubali, hasa anapomtaja Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Christchurch, Februari 1974, Bayi hakusubiri mtu. Alichukua uongozi mapema, akawaacha wenzake nyuma wakidhani atachoka, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3:32.2. Rekodi ile ilikaa zaidi ya miaka mitano, na ilipovunjwa mwaka 1979 ilivunjwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Kizazi cha Mwalimu kililelewa na mbio ile. Kwao ushujaa ni kutoa chote kwanza, hesabu zifuate baadaye.

Lakini mbio si mruko wa upondo, na hapa ndipo shitaka linapoanza kulegea. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haikubali kuagizwa. Mrukaji wa chini, yule wa kwenye mchanga, naye hupimwa pale alipotua. Bob Beamon alipokwenda Mexico mwaka 1968 rekodi ya dunia ilikuwa mita 8.35, yeye akatua kwenye 8.90. Hata kama angetaka kubakiza sentimita hamsini za mwakani asingeweza, kwa kuwa miguu ilishaamua. Kwenye upondo, anayeruka ndiye anayesema ufito uwekwe wapi. Akivuka kwa kuugusia au akivuka akiwa na nafasi ya kupitisha kiti, kinachoandikwa ni kimo cha ufito. Ziada haipimwi na hailipwi. Kanuni zenyewe zimempa mwanariadha mamlaka hayo, Bubka aliyatumia.

Kisha kuna mwili. Mrukaji wa daraja lile hukimbia karibu mita 10 kwa sekunde, ameshika upondo wa fibaglasi wa takriban mita tano, anausimika kwenye kishimo, unapinda, unamrusha. Kwa kila kimo ana majaribio matatu. Akikosa mara tatu mfululizo ametoka. Rekodi hujaribiwa mwishoni, baada ya kushinda shindano lenyewe, wakati mapaja yamekwisha kazi. Kupanda sentimita kumi kwa mkupuo kunaweza kumlazimisha achukue upondo mgumu zaidi, ashike juu zaidi, na abadilishe hatua zake za kukimbilia, yote hayo akiwa amechoka mbele ya watu elfu kadhaa. Akikosa mara tatu, mashabiki wanaondoka bila rekodi na yeye anaondoka bila bonasi. Sentimita moja ilikuwa tamaa, sawa, lakini ilikuwa pia ndiyo hatua ambayo mwili uliochoka ungeweza kuahidi.

Kijana mmoja aliitetea tamaa yenyewe waziwazi kwa mfano wa sokoni. Mwenye mapipa ya mawese, alisema, hayapeleki yote soko la Mwanga siku moja bei ishuke. Anauza pipa leo, jingine mwezi ujao, na hakuna anayemwita mwizi. Nilikaa na mfano huo kwa muda. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine inavunjika, na inavunjikia mahali penye uzito. Mawese yakihifadhiwa vizuri yatakuwepo mwezi ujao. Nguvu za mrukaji haziwekwi kwenye pipa. Julai 31, 1994, huko Sestriere, kwenye milima ya Italia, Bubka aliruka 6.14. Alikuwa na miaka 30. Hakuvunja tena rekodi. Mshipa wa kisigino ulianza kumsumbua, mwaka 1996 akaenda Olimpiki ya Atlanta akashindwa hata kushindana. Kama kweli alikuwa na sentimita alizoziweka akiba, hazikuuzwa. Ziliharibika ghalani.

Je, alikuwa nazo? Wapo waliochambua picha za mruko wake wa 5.95 uliompa ubingwa Tokyo 1991, wakasema alipita juu ya ufito kwa nafasi kubwa mno. Mwalimu anaushika ushahidi huo kama hati ya shamba. Mimi nauamini kwa kiasi. Mwili unaopaa juu sana mahali fulani hewani haumaanishi kwamba ufito ungekuwa pale usingeguswa. Kilele cha mruko kinaweza kuwa mbele au nyuma ya ufito, na kuweka kilele mahali penyewe ndio ufundi.

Ushahidi unaonisumbua zaidi ni wa Olimpiki. Mtu huyu wa rekodi 35 ana dhahabu moja tu ya Olimpiki, ya Seoul 1988, aliyoipata kwa 5.90 kwenye jaribio lake la mwisho. Mwaka 1984 hakwenda Los Angeles kwa sababu nchi yake iligoma. Mshindi aliruka 5.75 na Bubka majira hayo hayo aliruka 5.94. (Bayi naye alinyang'anywa Montreal 1976 na mgomo wa Afrika. Wenye umri wa kukumbuka huku kwetu hawahitaji kuelezwa uchungu wake.) Lakini Barcelona 1992 alikuwepo, mzima, bingwa wa kila kitu, na hakuvuka kimo hata kimoja. Dhahabu ilikwenda kwa Maksim Tarasov kwa 5.80. Tarehe 30 mwezi huo huo wa Agosti, huko Padova, Bubka akaruka 6.12, rekodi ya dunia ya viwanja vya wazi.

Kila upande unaweza kuichukua Barcelona ukaitumia. Mwalimu anasema: unaona, palipokuwa na bonasi aliruka, palipokuwa na medali tu alilegea. Sikubali. Hakuna mwanariadha wa Kisovyeti wa zamani aliyeidharau Olimpiki, na aliyewahi kusimama akisubiri upepo utulie anajua kwamba saa ya jaribio ikienda na upepo ukigeuka, ubingwa wako haukusaidii. Ninachokiona Barcelona ni kwamba Bubka hakuwa na bomba analolifungua na kulifunga apendavyo. Mtu mwenye uwezo wa kugawa vimo kwa hiari yake asingeshindwa kwenye 5.70. Zile sentimita moja moja, kwa hiyo, hazikuwa za kujigawia kirahisi kama hadithi inavyosema. Baadhi zilikuwa za akiba. Nyingine, naamini, zilikuwa ndizo alizokuwa nazo siku ile.

Na bado, hata akiba hiyo haikuwapa wengine njia ya mteremko. Rekodi yake ya ndani, 6.15 ya Donetsk 1993, ilidumu miaka 21 mpaka Renaud Lavillenie wa Ufaransa alipoipita kwa sentimita moja, hapo hapo Donetsk, Bubka mwenyewe akitazama. Ile 6.14 ya Sestriere ilisubiri mpaka mwaka 2020. Kama alituuzia kwa kipimo kidogo, basi kipimo hicho kidogo kiliitosha dunia nzima robo karne.

Kwa hiyo simtetei Bubka kwa sababu alikuwa na haki ya kula. Namtetea kwa sababu lawama imeelekezwa kwa mtu asiyefaa. Anayelipa ndiye anayepanga namna ya kuruka. Ukiweka bonasi kwa kila rekodi, utapata rekodi nyingi ndogo. Ukiweka zawadi kwa mshindi tu, utapata mbio za kuviziana. Simbu ni askari wa JWTZ, ana mshahara. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, akapumzika, akajiandaa, akaja Tokyo na miguu mizima. Vijana wengi wa Kigoma na Tabora hawana hiari hiyo. Kijana wa huku anakimbia kila mbio za barabarani zenye bahasha mwishoni, Jumapili hii Mwanza, ijayo Dodoma, na sisi ndio tunaomwambia hana uzalendo anapofika mashindano ya taifa akiwa amechakaa. Bubka alishutumiwa kwa kujibakiza. Kijana huyu anashutumiwa kwa kujimaliza. Wote wawili walifuata fedha ilikowekwa.

Nalisema hili kwa sababu kwetu si nadharia. Tabora imekuwa mwenyeji wa UMISSETA ya kitaifa. Viwanja vipo, walimu wapo, watoto wanaruka. Upondo wa mashindano hatuna, na godoro la kuangukia hatuna, ingawa kwenye maji mafupi ya Malagarasi wapo watoto wanaosukuma mtumbwi kwa upondo kabla hawajajua kuandika. Emmanouil Karalis, Mgiriki aliyekuwa wa pili Tokyo kwa mita 6.00, mama yake ni wa Uganda. Na Okkert Brits wa Afrika Kusini aliruka 6.03 tangu mwaka 1995. Hakuna kitu kwenye damu yetu kinachokataa mchezo huu. Lakini kabla ya upondo kuna mruko wa juu na mruko wa chini, na hiyo tunaweza kuilipia sasa.

Nilimpendekezea Mwalimu hivi: kwenye mashindano ya mkoa, pamoja na zawadi ya mshindi, kila mtoto aliyepita kimo chake cha mwaka jana apewe kitu, hata jozi ya viatu. Alikataa hapo hapo. Alisema tutawafundisha watoto kujibakiza, waruke kidogo mwaka huu ili mwakani wapate viatu vingine. Ni hoja ya kweli, na kwenye mruko wa juu inawezekana kabisa, maana pale pia mtoto ndiye anayechagua kimo cha kuanzia na cha kuacha.

Nakubali hatari hiyo. Duplantis pale Tokyo alikosa 6.30 mara mbili na kuivuka kwenye jaribio la tatu, la mwisho. Huo si mruko wa mtu mwenye ghala lililojaa, na bado alifika pale kwa sentimita moja moja. Mtoto wa Kasulu au Urambo mwenye miaka 15 anaujua uwezo wake kwa kubahatisha. Akifikia kuujua sawasawa kiasi cha kuugawa kwa mwaka, tutakuwa tumeshampata mrukaji, na viatu viwili havitakuwa gharama kubwa.