Shefu wa Sambaza

Jile ndiyo iliyoniponza, kile kizibao kisicho na mikono. Wangenituma ziwa Kivu na shati langu la kila siku, leo ningekuwa mtu asiyejulikana, kama wanafunzi wengine wote wa Bukavu, huku kwetu mashariki mwa Kongo.

Nilikuwa stajeri, mwanafunzi wa mazoezi, wa ufundi wa uvuvi. Fundi wa uvuvi havui samaki, anawaandika. Alfajiri, mitumbwi inaporudi, yeye yuko ufukweni na kaye yake, yaani daftari: ekipe ngapi za wavuvi zilitoka, zilikaa majini saa ngapi, zimeleta kilo ngapi, wavu una macho ya ukubwa gani. Kisha anachukua sambaza kadhaa, wale dagaa wetu wa ziwani, anawalaza mmoja mmoja juu ya ubao wenye rula, pua imegusa ukingo, anasoma urefu kwa milimita, anaweka kwenye mizani, anaandika. Nilipomweleza mama yangu hayo yote alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama pale chuoni hawafundishi pia kutibu watu.

Asistanti wetu, mwalimu msaidizi pale chuoni, alitugawia vifaa: ubao, mizani ndogo, kaye ya jalada gumu, na jile ya buluu yenye mifuko tisa. Mgongoni ilikuwa na maandishi ya mradi fulani wa zamani, yamefutika, imebaki nembo isiyoeleweka na herufi tatu. “Muivae,” alisema Asistanti. “Ufukweni jile inamupa mutu heshima.”

Hapo alisema kweli tupu.

Mkazi wa Bukavu ameshaelewa ninakokwenda. Ku ziwa, mtu mwenye jile, kaye na kalamu ni mtu wa aina moja tu: anatoza. Yuko wa mtumbwi, yuko wa wavu, yuko wa taa, yuko wa usafi, yuko wa pale mahali penyewe unapokanyaga, na wako ambao takse yao haina jina. Wengine wanatoa kitansi, yaani risiti. Wengine wanakohoa tu.

Sasa asubuhi ya kwanza nimesimama juu ya jiwe, jile imefungwa mpaka shingoni, kalamu mkononi. Kwa mbali nikasikia ekipe inarudi. Asiyeijua ekipe ya Kivu: ni mitumbwi mitatu mirefu iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa, taa inawashwa usiku, sambaza wanafuata mwanga, wanavutwa juu. Mbalamwezi ikiwaka sana watu wanabaki nyumbani, maana taa haina cha kushindana na mwezi. Asubuhi wanarudi wakiimba, na kasia zinafuata wimbo. Basi walikuja wanaimba vizuri kabisa, nikainua mkono kuwasalimu. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Ekipe nzima, mitumbwi mitatu na miti yake, ikageuka pale pale kwa ufundi ambao sijauona tena, ikapotelea nyuma ya rasi.

Nikaandika: “Ekipe moja. Haikutua.”

Ya pili ilishachelewa kugeuka. Vijana wawili waliruka majini na wavu, wakaufinyanga, wakautupa nyuma ya mama mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani. Mama hakuuliza kitu. Alitandaza kitenge, akaukalia wavu, akaanza kuita wateja wa avoka, yale maparachichi. Avoka yenyewe haikuwepo. Kwenye mstari wa “macho ya wavu” niliandika: “Hayaonekani.”

Kapita wa ekipe, kiongozi wao, muzee mwenye ndevu nyeupe, akanijia kofia mkononi, akaniita kama mtu anavyomwita mkubwa.

“Shefu, karibu. Leo hatukupata kitu.”

Nyuma yake mabeseni ya sambaza yalikuwa yanapanda mlima juu ya vichwa vya akina mama, moja, mawili, matano. Mimi na yeye tuliyatazama pamoja mpaka yakapotea.

“Lakini hii ni yako,” akasema, akanipa kindoo kidogo cha sambaza kilichofunikwa jani la mgomba.

Chuoni tulifundishwa kwamba mvuvi akikupa sampuli, umshukuru kwa moyo, maana hana lazima ya kukupa. Nikamshukuru kwa moyo. “Asanti sana, muzee. Ni hii tu nilikuwa nakuya kutafuta.”

Ufukwe mzima ulishusha pumzi. Mama wa kitambaa cha njano alijisogeza kidogo juu ya wavu wake, akakaa vizuri.

Nikaketi, nikatoa ubao, nikaanza kazi. Sambaza wa kwanza, pua kwenye ukingo, mkia umenyooshwa, milimita sabini na mbili, andika. Wa pili. Wa tatu. Watu wakaanza kusogea. Wameona wengi wakila kitu kidogo, ila hawajaona anayekikagua kwa rula. Mtoto mmoja akaenda mbio kuita wenzake. Nilipomaliza nikarudisha kindoo, kwa sababu mimi nilitaka namba tu.

“Muzee, hizi mukamate, mukauzishe.”

Muzee alikitazama kindoo, akanitazama mimi, akatazama ubao. Akarudi kwa wenzake polepole. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini: “Amezipima. Amezikataa.”

Asubuhi iliyofuata nilipokelewa na sambaza wakubwa zaidi. Nikapima, nikashukuru, nikarudisha. Iliyofuata, wakubwa zaidi tena, wamelazwa juu ya jani, vichwa upande mmoja. Mama wa kitambaa cha njano ndiye alikuwa anawachagua, beseni baada ya beseni, na aliyeleta mdogo alipigwa kofi la mkono. “Huyu anapimaka! Munataka atufungie ziwa?” Mimi niliona bidii yao, nikafurahi. Niliandika kwenye ripoti kwamba ushirikiano wa jamii ni mzuri sana.

Siku moja waliniletea tilapia. Nikawaeleza kwa upole kwamba mimi ni wa sambaza peke yake, tilapia sina fomu yake. Wakapokea jibu hilo kwa heshima, wakaenda kushauriana kando, wakarudi na jogoo.

Jogoo sikumpima. Lakini muzee alikataa katakata nisimrudishe. Macho yake yalianza kulowa. Nikaenda naye nyumbani, mama yangu akasema kumbe masomo haya si mabaya.

Wiki hiyo Asistanti alikuja mwenyewe kutuonyesha kupima uangavu wa maji. Unashusha sahani ya rangi nyeupe na nyeusi kwa kamba yenye alama, ikipotea machoni unasoma kamba. Mama wa kitambaa cha njano alisogea mtumbwini kuuliza hii nayo ni ya nini. Asistanti anapenda historia. Akamwambia kipimo hiki kilianzishwa na padiri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa.

Mama akatafakari. “Padiri naye alikuwa anatoza ziwa?”

Asistanti akacheka sana, akidhani ni mzaha.

Kisha akafungua kaye yangu, na kicheko kikaisha. Ukipanga urefu wa samaki kwenye mchoro, kwa kawaida unapata kilima: wadogo wachache, wa kati wengi, wakubwa wachache. Wa kwangu ulikuwa mlingoti. 112, 113, 112, 112, 113. Wenzangu wa fukwe nyingine walikuwa na vilima vyao vya kawaida. Asistanti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sambaza, alitukumbusha, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huku kwetu hakui kuwafikia ndugu zake aliowaacha kule. Sasa mbona katika ghuba moja ya Bukavu ameamua kukua, tena wote kwa pamoja?

Mtu aliyesoma haachi swali bila jibu. Kivu, akaanza, ni nyumba ya ghorofa: lina kina cha mita 485, lakini samaki wanapanga ghorofa ya juu tu, maana ukishuka mita sitini, sabini, oksijeni imekwisha, kumejaa metani na gesi ya kaboni, na huko chini ndiko kuna stoo ya virutubisho. Labda pale kwenye ghuba yangu stoo inavuja. Labda kuna planktoni ya pekee, vile vijidudu vya majini wanavyokula sambaza. Alizunguka ufukweni mikono nyuma, na nikamsikia akilitamka neno “artikle”, yaani makala ya kisayansi, mara mbili. Mimi tayari nilikuwa najiuliza kama jina langu litakuwa la pili au la tatu.

Aliyeivunja sayansi yetu ni mtoza takse mwenyewe, yule wa halali, au tuseme yule wa siku zote. Alikuwa amekwenda matanga kijijini kwao. Aliporudi akapita ku ziwa kukusanya, kila mtu akamjibu vilevile: “Tumeshamalizana na shefu wa jile.”

Alinikuta nimeinama juu ya ubao. Dakika kumi na tano baadaye nilikuwa kwenye biro yake, ofisi ya mbao, na vifaa vyangu vimepangwa mezani mbele ya watu wawili wengine ambao nao walikuwa na jile, lakini zao zilikuwa na maandishi yote.

“Weye ni wa serevisi gani?”

“Ya samaki, shefu.”

“Samaki ni yangu.”

Nikaeleza staji. Nikaeleza utafiti. Akafungua kaye yangu, akateremka na kidole kwenye ukurasa: tarehe, ekipe, 112, 113, 112.

“Hii uliyopokea ni franka ao dola?”

“Ni milimita.”

Akawageukia wenzake. Wakatikisa vichwa. Akanirudia.

“Milimita ni feza ya inchi gani?”

Pengine ningeachiwa mapema kama watu wa ufukweni wasingekuja kunitetea. Walikuja wengi, wakajaza mlango, muzee kapita mbele. Akavua kofia, akasema maneno ambayo kwa nia njema yangeweza kunifunga mwaka mzima: “Shefu huyu hana mubaya. Unamupa, anapokea, anapima, anakurudishia yote. Tangu tuzaliwe hatuyaonaka mutoza takse wa namna hii. Kama inawezekana, mutuachie yeye, halafu nyiye mupumzike.”

Nyuma watu wakapiga makofi. Mtoza takse alifunga kaye yangu taratibu sana.

Asistanti alipofika, amekimbia kutoka mtaa wa Ibanda, jasho linamtoka, alikuwa na kadi ya huduma, barua ya staji yenye mihuri mitatu, na sauti ya darasani. Alieleza kila kitu upya: sampuli, vipimo, kwamba sambaza wakianza kupungua urefu mwaka hadi mwaka, ni dalili kwamba wanavuliwa kabla ya kukua, kwamba hata biro hii ingefaidika. Akainua kaye yangu juu wote waione. “Na kwenye ufukwe huu tumegundua jambo kubwa! Sambaza wa hapa—”

“Mukubwa, si ndiyo?” alisema mama wa kitambaa cha njano, ametabasamu kwa fahari. “Nilikuwa nazichagua miye mwenyewe. Beseni nzima, unapata ishirini hivi zinafaa.”

Kimya.

“Mulikuwa munachagua?” Asistanti aliuliza.

Mama akaudhika. “Asistanti, na weye! Unaweza kumupa shefu sambaza ya kuokota?”

Asistanti alikaa kwenye benchi la washtakiwa, kando yangu, bila kuambiwa. Aliomba maji. Mtoza takse, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile, alimhurumia mtu.

Suala la faini lilibaki. Barua yenye mihuri ilithibitisha kwamba mimi si tapeli, lakini haikuthibitisha kwamba wamesumbuka bure. Mazungumzo yalikuwa marefu, nayaruka. Yalimalizika jioni nilipokwenda nyumbani kumchukua jogoo, mama yangu akinifuata mpaka barabarani na maoni yake mapya kuhusu chuo. Nilipewa kitansi kwa kila kitu, tena chenye muhuri: “Takse ya kupima.” Ninacho mpaka leo, na sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyeilipa.

Tulianza upya. Jile ilirudi stoo. Asistanti akatufundisha tena, safari hii akigonga meza: sampuli haichaguliwi, unachota kwa kikombe ndani ya beseni bila kutazama, kabla wauzaji hawajatenga wakubwa na wadogo, na ulichochota ndicho hicho hicho unachopima, awe mnene, awe amekatika mkia. Nikarudi ufukweni na shati langu la kila siku, kikombe mkononi. Ekipe ikaja inaimba, ikatua inaimba, hakuna aliyegeuza kichwa. Mama wa kitambaa cha njano, ambaye sasa alikuwa amesikia vizuri mimi ni nani, aliniashiria beseni moja lililowekwa pembeni. “Chota pale, mutoto wangu.”

Nikachota bila kutazama, nikapima, nikaandika, nikapeleka.

Asistanti alitazama mchoro mpya kwa muda mrefu. Ulikuwa mlingoti tena, ila ulikuwa umehamia upande wa pili wa karatasi: 41, 40, 41, 39. Kwa wiki moja tu sambaza wa ghuba yangu walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya urefu wao. Hakusema neno “artikle.” Alichukua koti lake, tukateremka wote wawili mpaka ku ziwa, akamuuliza mama kwa adabu zote kwa nini.

“Mwanafunzi,” mama akamjibu, akiendelea kupanga wale wakubwa upande wake, “anakulaka kiasi gani?”