Kopo Si la Kulaumiwa Kila Mara

Mwanangu alipofikisha wiki sita alianza kulia kila jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi karibu saa nne usiku, na katika ploti za mtaa wa Umoja, Nairobi, ambako ukuta mmoja hutumiwa na nyumba mbili, kilio cha mtoto ni habari ya watu wote. Jirani alisema maziwa ya kopo niliyoanza kumpa kwa ushauri wa kliniki yalikuwa mazito mno kwake. Wifi yangu akataja aina nyingine. Muuzaji wa duka la dawa akaja na ya tatu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza maziwa haya kutangazwa kwa umma, ila haina uwezo wowote juu ya wifi. Katika siku kumi nikawa nimefungua makopo matatu, na kilio kilikuwa palepale.

Sikujua kwamba kilio cha watoto wachanga kwa kawaida hufikia kilele kwenye wiki ya sita hivi, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne, mtoto anyonye maziwa gani. Sikujua pia kwamba maziwa ya watoto wachanga hufuata viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex, vilivyowekwa tangu mwaka 1981, hivyo tofauti baina ya aina moja na nyingine ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake.

Kosa langu kubwa lilikuwa kijiko. Nilipohamia kopo la pili niliendelea kupimia kijiko cha kopo la kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekizoea, ilhali kijiko cha aina moja huweza kukusudiwa mililita 30 za maji na cha nyingine mililita 60. Unga ukizidi, mtoto hukosa maji ya kutosha na choo huwa kigumu. Ukipungua, hashibi wala haongezeki uzito. Choo cha mwanangu kilipokuwa kigumu, nililaumu maziwa mapya.

Zipo sababu halali za kubadilisha. Damu kwenye choo, ukurutu unaoenea, kutapika baada ya kila mlo au uzito kusimama huweza kuashiria mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hapo ni daktari wa kuonwa, si jirani; maziwa ya mbuzi hayasaidii, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na zile za ng'ombe. Bei nayo ni sababu, na sioni aibu yoyote ndani yake: kopo la bei nafuu linalopimwa sawasawa ni salama kuliko la ghali linaloongezwa maji ili lifike mwisho wa mwezi.

Nilirudi kwenye kopo la kwanza. Kilio kiliisha mtoto alipokuwa na miezi mitatu na nusu, na yale mengine mawili niliyamwaga, maana unga uliofunguliwa hautakiwi kukaa zaidi ya mwezi mmoja hivi.