Siku za kibali cha ujenzi zianze kuhesabiwa lini?

Ukianza mjadala wa vibali vya ujenzi, hakosekani mtu wa kuleta ile orodha ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 ya siku za kupata kibali: Korea Kusini siku 27 na nusu, Kenya 159, Tanzania 184. Tunasikitika, tunailaumu halmashauri, basi. Mimi orodha ile siiamini sana, na si kwa sababu ilitutia aibu.

Kilichopimwa hakikuwa nyumba ya mtu. Lilikuwa ghala la kubuni, ghorofa mbili, mita za mraba 1,300 hivi, linalojengwa na kampuni yenye hati safi na wataalamu wake. Hata kuvutiwa maji kulihesabiwa humo humo. Sasa yule wa Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliyenunua kiwanja kwa karatasi ya serikali ya mtaa anaingia wapi? Yeye anajenga kwanza, X nyekundu ya kubomolewa inamkuta kwenye lenta. Siku zake za kusubiri kibali ni sifuri, maana hakuomba. Benki yenyewe ilikuja kusitisha ripoti zenye orodha hiyo Septemba 2021, baada ya kubainika kuwa takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa.

Na nchi moja ina sura nyingi. Marekani iliandikiwa siku 80 na kitu, kwa kupima New York na Los Angeles. Mwaka 2023 serikali ya jimbo la California ikakagua San Francisco: wastani wa siku 523 mradi wa nyumba upate idhini ya mipango, halafu 605 za vibali vya kujenga. Tusidhani urasimu ni wetu peke yetu.

Wala haraka siyo kila kitu. Japani, baada ya kashfa ya mwaka 2005 ya mahesabu ya kughushi ya uimara wa majengo, waliongeza kwa makusudi muda wa kukagua majengo makubwa, kutoka siku 21 hadi 35. Kwa nchi ya matetemeko, nawaelewa.

Ninachotaka kujua mimi ni kitu kingine: ofisi isipojibu, inakuwaje? Ufaransa, kwa nyumba ya familia ofisi ina miezi miwili ya kujibu. Mara nyingi ikipita kimya, kibali kimepatikana. Uingereza ni wiki nane kwa maombi madogo, zikipita unaruhusiwa kukata rufaa tu. Kenya, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, ruhusa ihesabike imetolewa. Nzuri kwenye karatasi, ila nani atamwaga zege kwa kutegemea kimya? Tena Nairobi, ambako mwaka 2016 ghorofa la Huruma lililojengwa bila idhini liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Kimya cha ofisi hakikagui nondo.

Kwa hiyo sidai siku 27. Nipeni hata 90, mradi zihesabiwe tangu faili lipokelewe na kugongwa muhuri, na upungufu wote niambiwe kwa mkupuo. Siyo leo mchoro wa choo, wiki ijayo saini ya mhandisi, mwezi ujao "bosi yuko semina". Zikipita bila jibu, nirudishiwe ada yangu yote, na faili likaguliwe vilevile.