Kima Ameshatoroka Kabla Mtoto Hajageuza Ukurasa

Kitabu cha picha cha watoto, ukurasa wa kushoto: Kima yuko katikati ya bahari, mgongoni mwa Papa. Ameambiwa sasa hivi kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ukurasa wa kulia, sentimita chache tu kutoka kwenye ule uso wa hofu, Kima huyo huyo yuko juu ya mkuyu, kakenua meno, anacheka. Mtoto wa miaka mitano hajasomewa hata neno moja na ameshajua yote. Sasa mzazi anamsomea nini? Taarifa ya habari ya jana.

Vitabu vya namna hii vinachosha. Karatasi nzuri, rangi zinameta, mchoraji ana mkono hasa, na hadithi imeuawa na mtu aliyekaa kwenye kompyuta akakata maneno mafungu sawasawa kama nyama ya kilo kilo. Hadithi yenyewe haina kosa. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliipata kwa watu wa Unguja akaichapa London mwaka 1870, na hata wakati huo ilikuwa kongwe: ndugu zake wamo katika Panchatantra ya Wahindi na Kalila wa Dimna ya Waarabu, ambako anayetaka moyo ni mara mamba, mara kasa. Imevuka bahari na karne zote hizo, ikaja kufia kwenye mpangilio wa kurasa!

Mtambaji wa ngano anajua mahali pa kunyamaza. Anafika "Kima akamwambia Papa...", anameza mate, anawatazama watoto mmoja mmoja, na kile kimya ndicho kinachowavuta mbele kwenye mkeka. Kitabu hakina mate ya kumeza. Kina kitu kimoja tu cha kufanya kazi hiyo, nacho ni karatasi inayogeuzwa. Anayesimulia ngano upya kwa kitabu cha picha kazi yake ya kwanza ni kuchukua vile vimya na kuviweka chini kulia, kwenye kona ile ambayo kidole cha mtoto kitashika. Maneno mazuri yatafuata baadaye.

Na hesabu yake si ngumu. Chukua karatasi sita za A4, zirundike, zikunje katikati, zibane kwa pini: umepata kurasa 24. (Kitabu cha kubanwa kwa pini huenda kwa nne nne, kwa hiyo anayeleta hadithi ya kurasa 22 au 26 atajaziwa kurasa tupu au atanyofolewa.) Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni wa haki za mchapishaji. Hadithi inaanza wa 3, peke yake upande wa kulia. Kisha unazo jozi kumi za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23, na mwisho ukurasa wa 24, peke yake upande wa kushoto. Kurasa zinazotazamana jicho linaziona kwa pamoja, hakuna siri kati yake. Siri inakaa kati ya 5 na 6, kati ya 7 na 8, na kuendelea. Ukihesabu na ule wa 3 kwenda wa 4, una nafasi kumi na moja tu za kumfanya mtoto aseme "halafu?" Mwandishi asiyetengeneza hiyo dami, yaani kitabu cha mfano, ya karatasi sita kabla ya kumpa mchoraji kazi anapiga ramli.

Kwa Kima na Papa mgawanyo unakuja wenyewe. Wa 3, mkuyu, nusu ya matawi nchi kavu na nusu juu ya maji. 4 na 5, Kima anachuma, Papa anapanua kinywa. 6 na 7 mwaliko, 8 na 9 anapanda mgongoni. 10 na 11 bahari tupu, na hapo kama una ujasiri usiandike neno hata moja: acha nchi kavu iwe mstari mwembamba kule nyuma. 12, Papa anasema ukweli. 13, uso wa Kima, na chini kulia: "Kumbe hujui? Sisi kima tukitembea, mioyo yetu..." Basi. Kata. Hata nukta usitie.

Mtoto anageuza: 14 na 15, mkuyu mzima umening'inia mioyo, myekundu kama matofaa. Maneno ni mawili tu: "huiacha mtini."

Hapo ndipo picha inapolipwa mshahara wake. Mtoto anajua huo ni uongo, Papa hajui, na raha yote ya hadithi imo katika tofauti hiyo. Lakini mchoraji anayepewa karatasi yenye sentensi "Kima alikuwa juu ya mti" atachora nini zaidi ya kima juu ya mti? Kosa si lake. Maelezo anayopewa mchoraji yaseme kile ambacho hakimo kwenye maneno: Papa anatazama wapi, maji yamebadilikaje, nani mwingine anaona haya yanayotendeka. Na kila sentensi ambayo picha imeshaisema, ifute. Waandishi wetu wanalia sana hapo. Walie.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kinaingia. Kima akisharudi juu, Papa anamwita, naye anamjibu kwa kumuuliza kama anamdhani ni punda wa dobi, kisha anamsimulia habari za yule punda asiyekuwa na moyo wala masikio, kwa sababu angekuwa navyo asingerudi mara ya pili kwa simba. Ni hadithi ndani ya hadithi, na jozi kumi hazitoshi. Mwache punda apate kitabu chake. Lakini usimkate halafu ukabakiza jina lake likielea bila maelezo, kama wafanyavyo wengine.

Sasa nyimbo. Ngano yenye wimbo, kama ile ya mama anayewaimbia wanawe wamfungulie mlango na zimwi likaja kuiga, wimbo ndio uti wa mgongo. Nasi tunaandika nini? "Akaimba tena wimbo ule." Akaimba tena! Hivyo ni kama kumkaribisha mgeni ukamwambia wali ni ule ule wa jana, aukumbuke tu. Chapa wimbo wote kila unapoimbwa, mistari ile ile, mahali pale pale kwenye ukurasa. Mara ya tatu mtoto asiyejua kusoma atausoma kwa kidole, na kwa anayeanza silabi hayo ndiyo mazoezi ambayo kitabu cha kiada hakimpi. Zimwi likiimba, maneno yabaki yale yale lakini herufi ziwe nene na kubwa, msomaji atakoroma mwenyewe bila kuambiwa.

Lugha nayo. Ngano ya Kiswahili inatembea kwa KA: akapanda, akachuma, akamtupia. Nusu ya vitabu vya sasa vinasema alipanda, alichuma, alimtupia, kila kitendo kimesimama peke yake kama shahidi mahakamani, na unajua mara moja kwamba kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza kwanza. LI moja ya kufungua mlango inatosha. Na mtu atumbukie majini chubwi, asianguke "kwa sauti kubwa".

Wale wa viwango vya usomaji wanaohesabu maneno kwa ukurasa, tafadhali hesabuni silabi. "Hawakumwambia" ni neno moja na silabi sita, na ndani yake mna mwa na mbi ambazo mtoto wa darasa la kwanza hujikwaa. Maneno matano ya namna hiyo ni mlima. Mstari uvunjwe pale mtu anapovuta pumzi, wala neno lisikatwe kwa kistari mwishoni mwa mstari. Ninyi mnaookoa nafasi, mnaiokoa ya nini?

Kiwandani kwa mchapaji kinachoharibika zaidi ni rangi ya bahari. Kwenye kioo cha kompyuta ni buluu ya kung'aa. Rangi nne za mashine haziwezi kuitoa, na ikibadilishwa bila kuangaliwa inatoka ya zambarau au ya kijivu kama maji ya dobi. Faili ibadilishwe mapema kuwa CMYK, yaani zile rangi nne za mashine, mchoraji arekebishe buluu kwa macho yake, na pruufu, yaani nakala ya majaribio, itolewe kwenye karatasi ile ile itakayochapwa, wala si kwenye printa ya ofisini. Picha zivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3, la sivyo kisu kitaacha uzi mweupe pembeni. Uso wa mtu usikae kwenye mkunjo. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake: yakitengenezwa kwa wino zote nne, mashine ikiteleza kidogo tu kila herufi inapata kivuli cha rangi. Tena weusi ukiwa peke yake, kesho ukitaka toleo la Kisukuma au la Kigiriama unabadilisha bamba moja tu la kuchapia badala ya manne.

Ukurasa wa "Hadithi hii inatufundisha nini?" uchomwe. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ni kweli kwamba bila Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 na kuwanunulia wachapishaji sehemu ya nakala ili zifike shuleni, pengine tusingekuwa hata na vya kulalamikia. Ni kweli pia kwamba tovuti za African Storybook tangu 2014, na StoryWeaver ya India tangu 2015, zimeweka hadithi za bure mahali ambapo duka la vitabu halitafika mwaka huu wala ujao. Nashukuru. Lakini picha ikichaguliwa kwenye ghala la picha la tovuti baada ya hadithi kuandikwa, siri ya kona ya kulia inakufa tena, maana picha hiyo ilichorwa kwa kona ya mtu mwingine.

Tunabaki na hadithi mpya. Kwa sheria isiyoandikwa, hadithi mpya ya mtoto wa Kiswahili lazima iwe na sabuni. Au chandarua. Juma hakunawa mikono, Juma akaumwa tumbo, Juma sasa ananawa. Hongera Juma. Wakati huo huo nyumba nzima iko gizani, umeme umeisha, baba amenunua LUKU kwa simu, na simu ina chaji asilimia mbili. Tokeni ina tarakimu ishirini. Mtoto anazisoma kwa sauti, dada anabonyeza, bibi anataka zirudiwe kwa sababu hakusikia, mdogo anaropoka namba zake. Kila nne zikitimia, nyumba nzima inaitikia. Tarakimu ya kumi na tisa ikae ukurasa wa 23, chini kulia. Ya ishirini ikae wa 24, pamoja na taa.