Pleya Inapohesabu Nyimbo Zetu

Fungua kompyuta ya nyumba ya Lamu yenye nyimbo za zamani, uiambie pleya, yaani programu ya kuchezea muziki, ikupangie zilizochezwa zaidi. Usishangae anayeongoza asipokuwa Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa kisiwani humu, wala kijana yeyote wa Bongo Fleva. Ataongoza "Msanii Asiyejulikana". Nyimbo zilitolewa kwenye kaseti bila majina, zikazunguka kwa flashi, zikarushwa kwa WhatsApp na kugeuka AUD-20190614-WA0012. Nyingine zimeandikwa Track 07, basi. Pleya haimjui mwimbaji kwa sauti yake, inasoma tu lebo iliyobandikwa ndani ya faili. Lebo isipokuwepo, waimbaji kumi huwa mtu mmoja.

Naanza hapa kwa sababu kila tukijadili kama ni vyema pleya iweke kumbukumbu ya tunachosikiliza, tunakimbilia faragha, kana kwamba tumeshakubaliana kuwa kumbukumbu yenyewe ni ya kweli. Mimi ni katika wanaopenda hesabu hizi, nami nasema zina kasoro ambayo sisi wa pwani tunaihisi kuliko wengine.

Kusikiliza "mara moja" ni nini hasa? Kila programu ina jibu lake. iTunes huongeza moja wimbo unapofika mwisho. foobar2000, ukiiongezea kijalizo chake cha takwimu, hutosheka na dakika 1. Spotify, huduma ya muziki wa mtandaoni iliyoingia Kenya Februari 2021, huhesabu baada ya sekunde 30. Last.fm, huduma ya Uingereza inayopokea taarifa kutoka pleya za watu, hutaka wimbo uzidi sekunde 30, kisha uchezwe nusu yake au dakika 4, lolote litakalotangulia.

Sasa chukua taarabu iliyorekodiwa arusini, ya dakika 12. Udi unatangulia peke yake, ngoma zinaingia, mwimbaji anakuja wakati wake. Kwa kanuni ya Last.fm, dakika 4 zikipita umeshahesabiwa, hata kama hujafika beti ya pili na umezima kwenda msikitini. Aliyekaa mpaka mwisho naye amepata moja ile ile. Kwa kanuni ya iTunes mambo yanageuka: ukikatiza makelele ya mwisho, watu wanapoanza kuitana na viti kuburutwa, hujasikiliza kitu. Na bado tatizo kubwa halijafika. Saa nzima ya taarabu kama hiyo ni alama 5. Saa nzima ya nyimbo za dakika 3 ni alama 20. Anayegawa muda wake nusu kwa nusu ataambiwa mwisho wa mwaka kwamba taarabu ni kitu anachokigusa kwa nadra.

Dawa yake ni nyepesi: pleya ihesabu dakika, siyo mara. Inajua wimbo una urefu gani na umeuacha wapi, kwa hiyo kinachokosekana ni uamuzi wa mwenye kuitengeneza. Ningependa kuona zote zikifanya hivyo.

Hata hivyo, hesabu mbovu hivyo hivyo ina faida. Mtu aliyejaza nyimbo elfu kadhaa kwenye diski hawezi kukumbuka alizonazo. Pleya ikimwonyesha zile ambazo hajazigusa tangu azinunue, au aliyoipenda miaka mitatu nyuma kisha ikapotelea humo, inamrudishia mali yake. Humsukuma pia kuandika lebo vizuri, maana hakuna anayependa kumwona Msanii Asiyejulikana akimshinda mwimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo. Kazi hiyo ya majina, nani aliimba, nani alitunga, arusi ya nani, ndiyo itakayosalia kaseti zitakapokuwa zimeliwa na ukungu. Tena hesabu huumbua: wako wanaosifu udi barazani, pleya zao zinasema mengine kabisa. (Siwataji, wanajijua.)

Upande wa pili una uzito wake. Kompyuta ya nyumbani si ya mtu mmoja. Alfajiri inachezwa Yasini, mchana watoto wanaweka katuni, jioni mama anataka kasida, usiku kijana anachukua zamu yake. Pleya inawachanganya wote wawe msikilizaji mmoja mwenye tabia za ajabu, kisha inaipanga Qur'ani katika "nyimbo zako bora". Nyumba nyingi hilo halitapendeza, na haki yao.

Kisha kuna saa. Kumbukumbu nyingi hazibaki kwenye idadi. Zinaandika tarehe na wakati. Wimbo mmoja wa mapenzi mara sita, saa nane za usiku, wiki ile ile uchumba ulipovunjika: anayeisoma orodha hahitaji kuambiwa zaidi. Mtu wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, anaweza kunijibu kuwa siri hiyo haikuwapo tangu zamani, vichochoro vyetu ni vyembamba na kila dirisha husikia la mwenzake. Ni kweli. Lakini jirani husahau, na hana orodha ya miaka kumi anayoweza kumpa mwenye kuuza matangazo.

Katika arusi, anayeguswa na beti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji kwa pesa mbele ya macho ya watu. Yeye ndiye aliyechagua beti, wakati na kiasi, na aliyetaka kukaa kimya alikaa. Pleya haimwachii mtu nafasi ya kunyamaza.

Ndiyo maana kwangu mpaka unapita kwenye mahali kumbukumbu inapokaa. Pleya inayohesabu ndani ya kompyuta yako ni daftari lako. Ikituma kwa mwingine, hilo ni jambo jingine, na watu wengi hawatofautishi. Pleya ya VLC, kwa mfano, ina kisanduku katika mipangilio cha kupeleka taarifa Last.fm, na hakuna kinachokwenda huko usipokiwasha na kuweka akaunti yako. Huduma za mtandaoni hazina kisanduku cha namna hiyo, maana wimbo unatoka kwao na hesabu inabaki kwao. Spotify Wrapped, muhtasari wa mwaka wa ulichosikiliza, ambayo tangu 2016 huwafanya watu wajitangaze wenyewe, ni sehemu ndogo ya kile kilichohifadhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuomba uone taarifa zako na kutaka zisahihishwe au zifutwe zikiwa za uongo. Ni haki nzuri, ila si watu wengi wataandika barua kwa ajili ya orodha ya nyimbo.

Kwa anayeamua kuhesabu nyumbani, kuna tahadhari moja ambayo hugunduliwa kwa kuchelewa. Kwa kawaida foobar2000 na iTunes huweka hesabu kwenye hifadhidata yao, siyo ndani ya faili la wimbo. Ukihamisha nyimbo peke yake kwa flashi kwenda kompyuta mpya, zinafika salama na kila moja inasoma sifuri. Nakili na hifadhidata, na kama kuna watu watatu wanaotumia mashine hiyo, mfungulie kila mmoja akaunti yake kabla hujaanza.