Ukiagiza mbuzi nyumbani, mtaje kwa jina lake

Mfugaji wa kondoo wa Uingereza hasemi "kondoo dume" akanyamaza. Wa kupandia humwita "tup", aliyehasiwa ni "wether", na jike aliyeachishwa kunyonya lakini hajanyolewa manyoya ni "gimmer hogg". Akishanyolewa mara ya kwanza, jina hubadilika tena. Kwao manyoya ndiyo kalenda. Kondoo wetu wa pwani wenye mkia wa mafuta hawanyolewi, kwa hivyo hatukuhitaji maneno ya namna hiyo, na hapo hatuna la kuonea haya.

Cha kuonea haya ni kuwa na maneno yetu na kuyaacha. Tazama kuku: pora ni jogoo mchanga asiyewika bado, tembe ni jike aliyekomaa ila hajataga, koo ni yule aliyekwisha kutaga na kulea. Ng'ombe ana fahali, ana mtamba ambaye hajazaa, ana maksai aliyehasiwa. Mbuzi ana beberu, dume wa kupandia; ana mfarika, jike ambaye hajazaa; ana ndafu aliyehasiwa. Leo kijana wa Majengo au Kisauni, Mombasa, ukimtajia beberu atafikiria siasa za gazetini kabla ya mbuzi. Mengine yote yamebaki "dume" na "jike".

Wako watakaosema hicho ni Kiswahili cha vitabuni. Mimi nasema ni pesa, na sisi tulio ughaibuni ndio tunaoumia zaidi, kwa kuwa tunanunua kwa simu. Mtu anatuma hela Mombasa, "nitafutieni mbuzi wawili wa akika, wanono", na anayeletwa ni beberu mzima. Beberu ana tezi karibu na pembe zinazotoa kutuzi, yaani harufu kali, na wakati wa kupanda huzidi. Manyoya yakigusa nyama wakati wa kuchuna, harufu inahamia kwenye nyama, na tangawizi ya biriani haiiondoi. Aliyehasiwa mapema hana shida hiyo, tena hunona vizuri. Kuhasiwa si kasoro ya kumzuia mnyama asichinjwe udhiya, kwa hivyo hakuna sababu ya kumkwepa.

Neno ndafu lina mtego wake: Tanzania wengi wanalijua kama mbuzi mzima aliyechomwa wa harusini. Ukiona muuzaji anasita, mwambie "mbuzi maksai".

Kumtambua aliyehasiwa kunahitaji mkono. Huku Uingereza kuhasi kwa pete ya mpira kunaruhusiwa bila ganzi katika siku 7 za mwanzo tu, na mfuko wa korodani hukauka ukaanguka wote. Kwetu wengi hutumia koleo la burdizo mnyama akiwa mkubwa zaidi: unabana mshipa wa mbegu wa upande mmoja, unahesabu sekunde 10 hivi, kisha wa pili, na alama mbili zisikutane katikati, la sivyo damu inakatika na ngozi inaoza. Basi mwenye mfuko si lazima awe beberu. Ushike: ukikuta vijiuvimbe vidogo vigumu, kahasiwa. Ukikuta korodani moja imejaa, mshipa ulimponyoka mhasi, na huyo bado ni dume kwa tabia na kwa harufu. Hata aliyebanwa sawasawa asiachiwe majike kabla ya wiki 6.

Umri uko mdomoni. Meno ya mbele ya chini yakiwa madogo yote, hajabadilisha. Mawili ya katikati yakiwa makubwa, amepita mwaka mmoja. Mwambie mtu wako ayapige picha.

Na mfarika aachwe hai. Ukimchinja umechinja na vizazi vyake, na mfugaji mwenye haja ya pesa hatakukataza.

Ujumbe wa simu unatosha hivi: "Mbuzi wawili, maksai, meno mawili, mfuko umeshikwa. Ukikuta mabeberu na mifarika tu, nipigie kabla hujalipa."