Nani alipie stoo ya malikale? Halmashauri za Dodoma na mzigo wa kutunza vilivyochimbwa

Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba katika pango la Kisese II, wilayani Kondoa, akapata zana za mawe, mifupa na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Mkusanyiko huo ulihifadhiwa Dar es Salaam katika Makumbusho ya Taifa, na kwa miaka mingi watu wachache sana waliugusa. Zaidi ya nusu karne baadaye watafiti wengine waliufungua upya, wakayapima maganda yale kwa mbinu ambazo Inskeep hakuwa nazo, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu wa Kondoa walikuwa wakitengeneza shanga zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Maarifa hayo hayakuhitaji kuanza kuchimba upya. Yalitokana na masanduku yaliyotunzwa, na pia na mtu fulani aliyehakikisha kwamba kila kipande kinaendelea kujulikana kilitoka kina gani cha udongo.

Ninaanza na Kisese kwa sababu mjadala wa fedha za malikale, yaani vitu na maeneo ya kale, katika mkoa wetu huishia mara nyingi kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006 na kuenea katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Michoro inaonekana, inavuta wageni, na ina wa kuisemea. Vitu vilivyotoka ardhini chini ya michoro hiyo havina mtetezi, ingawa ndivyo vinavyoweza kutuambia waliochora waliishije na walikula nini. Swali ninalolipima hapa ni kama halmashauri zetu, yaani Kondoa Wilaya, Kondoa Mji, Chemba na hata Jiji la Dodoma, zitenge sehemu ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuvihifadhi, au kama kazi hiyo ibaki kwa Serikali Kuu peke yake.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni ya kisheria, na si nyepesi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na usimamizi wake umewekwa chini ya Waziri na Idara ya Mambo ya Kale. Leseni ya uchimbaji haitolewi na mkurugenzi wa halmashauri, na mtafiti akimaliza kazi yake hawajibiki kwa baraza la madiwani. Kwa nini basi diwani wa Chemba apitishe kasma, yaani fungu la bajeti, ya kutunza kitu ambacho hana mamlaka ya kuamua kikae wapi, kiazimwe na nani, wala kionyeshwe lini? Mkaguzi naye ana haki ya kuuliza swali hilo hilo, na hakuna mkurugenzi anayependa kusimama mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa akieleza matumizi yaliyo nje ya majukumu yake.

Hoja ya pili ni ya mfuko wenyewe. Halmashauri za vijijini katika kanda hii kavu hutegemea kwa kiasi kikubwa ushuru wa mazao, ambao kiwango chake kilipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5, na mazao yenyewe, alizeti, mtama, uwele na karanga, hufuata mvua isiyotabirika. Katika kidogo kinachokusanywa, asilimia 10 imewekwa kisheria tangu mwaka 2018 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na maelekezo ya Serikali yanataka angalau asilimia 40 iende kwenye miradi ya maendeleo, bila kusahau uendeshaji wa ofisi. Mzazi ambaye mtoto wake anasoma katika darasa lenye msongamano ana haki ya kushangaa akisikia kwamba vipande vya vyungu vinajengewa rafu kabla ya watoto kupata madawati. Sikubaliani na wale wanaomwona mzazi huyo kuwa hajui thamani ya historia. Anajua vizuri sana thamani ya shilingi ya halmashauri, na hoja yoyote ya kutetea malikale isiyoweza kusemwa mbele yake katika mkutano wa kijiji haifai kupelekwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko hizo mbili, na ambayo sijaisikia ikisemwa mara nyingi, ni ya muda. Barabara hujengwa ikamalizika, hata kama itahitaji kukarabatiwa. Stoo ya mabaki ya kale haimaliziki. Kila sanduku linaloingia linaingia kwa nia ya kutotoka, na kila mwaka litadai mlinzi, paa lisilovuja, dawa ya mchwa na mtu wa kukagua rejesta. Baraza la madiwani huchaguliwa kwa miaka mitano, wakurugenzi huhamishwa, ukomo wa bajeti hubadilika, na hata mipaka yenyewe hubadilika, kama Wilaya ya Chemba ilivyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Chombo chenye maisha ya namna hiyo kikiahidi kutunza kitu kwa miaka 100, tuna sababu ya kuuliza ahadi hiyo itabebwa na nani. Kasma iliyoanzishwa kwa shangwe mwaka mmoja na kufutwa miaka mitatu baadaye ni hatari kuliko kutokuwa na kasma kabisa, kwa sababu vitu vitakuwa vimeshatolewa mahali salama na kuletwa mahali pasipo na mlezi.

Pamoja na uzito wa hoja hizo, ninaona kuna mambo ambayo Serikali Kuu haiwezi kuyafanya kutoka mbali, hata ikiwa na fedha za kutosha. Vitu vingi vya kale katika mkoa huu havitokani na wachimbaji wenye leseni. Hujitokeza mkulima anapolima, kijiji kinapochimba lambo, mkandarasi anapofungua machimbo ya moramu, au korongo linapobomoa kingo zake baada ya mvua ya Januari. Yupo pia mtu anayechimba chini ya miamba ya Kondoa akitafuta mali inayoaminiwa kufichwa na Wajerumani, imani ambayo imeharibu matabaka ya udongo katika mapango kadhaa yenye michoro, na ambayo haiwezi kukabiliwa kwa barua kutoka wizarani. Anayeweza kufika siku hiyo hiyo ni mtendaji wa kijiji, na anayeweza kupokea taarifa yake ni Afisa Utamaduni wa halmashauri. Leo ofisa huyo akiletewa kiroba cha zana za mawe hana pa kukiweka. Kitakaa chini ya meza, kisha kitahamishiwa kwenye kona, kisha atakuja ofisa mwingine asiyejua kiroba kile kilitoka kijiji gani, na tangu hapo thamani yake ya kielimu imekwisha hata kama mawe yenyewe hayajavunjika.

Hapo ndipo gharama inapopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu watu wengi wanaposikia uhifadhi hufikiria jengo lenye viyoyozi na kabati za vioo. Sehemu kubwa ya vilivyochimbwa katika kanda ya kati ni mawe ya quartz, vigae vya vyungu, mifupa, mkaa, maganda ya mbuni na mabaki ya uyeyushaji wa chuma. Jiwe halihitaji kiyoyozi. Kigae kinahitaji kutobanwa na kutolundikiwa vizito. Mfupa na mkaa vinahitaji ukavu na mikono michache, na chuma ndicho kinachosumbua zaidi, maana kutu huendelea kukila hata ndani ya sanduku iwapo unyevu unapanda na kushuka. Hali ya hewa ya Dodoma, yenye mvua ya miezi michache na kiangazi kirefu, inasaidia kuliko ile ya pwani. Maadui wakubwa hapa ni vumbi, mchwa, popo, na mifuko ya plastiki dhaifu inayokauka na kupasuka hadi vitu vya mashimo mawili vikachanganyika. Kinachohitajika ni chumba kimoja imara chenye sakafu ya saruji na dari iliyozibwa, rafu za chuma zilizoinuliwa kutoka sakafuni, masanduku ya aina moja, wino usiofutika, lebo mbili kwa kila mfuko, rejesta ya karatasi na nakala yake ya kielektroniki inayowekwa jengo lingine, pamoja na mtu mmoja anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Uzembe katika mambo haya madogo si tatizo la Tanzania peke yake. Utafiti wa kimataifa uliofanywa mwaka 2011 na ICCROM, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi wa malikale iliyoko Roma, ulionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya mikusanyiko iliyo katika stoo za makumbusho duniani ilikuwa hatarini, na mpango wa taasisi hiyo wa kukabili tatizo hilo ulilenga hasa kupanga upya stoo kwa fedha kidogo badala ya kujenga mpya. Funzo hilo linapunguza nguvu ya hoja ya umaskini wa mfuko, ingawa haliiondoi.

Wapo wanaosema wafadhili watafanya. Mfano ulio karibu nasi ni Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani lililokarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Ni kazi nzuri, na ninaisifu bila kusita. Hata hivyo fedha za mradi kwa asili yake zina tarehe ya mwisho. Hulipa fundi, mbao za maonyesho na uzinduzi, na mara chache hulipa mshahara wa mtunza stoo katika mwaka wa kumi.

Chanzo ambacho nadhani kimesahauliwa ni wajenzi. Tangu Serikali ihamie Dodoma ardhi ya mkoa huu imefukuliwa kuliko wakati wowote: reli ya kisasa, Mji wa Serikali wa Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, na barabara ya mzunguko ya nje yenye urefu wa zaidi ya kilomita 110. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na urithi wa utamaduni ni sehemu ya yale yanayoangaliwa. Mwenye mradi akigundua eneo la kale anaweza kulipia wataalamu wa kuliokoa, lakini wajibu wake ukiishia siku ya kukabidhi ripoti, gharama ya kutunza vilivyookolewa inahamia kwa umma milele. Marekani na Uingereza stoo nyingi hutoza ada ya mara moja kwa kila sanduku linaloletwa. Sioni sababu ya mkandarasi wa mradi wa mabilioni kushindwa kulipa ada kama hiyo hapa, na fedha zake zikawekwa katika akaunti maalumu isiyoguswa na matumizi mengine.

Baada ya kupima pande zote mbili, msimamo wangu ni kwamba halmashauri zichangie, ila zichangie sehemu ile tu ambayo ukaribu wao unaipa maana. Zisijenge makumbusho, na kila moja isiwe na stoo yake. Kiwepo chumba kimoja Kondoa, ambako barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018 imeondoa kisingizio cha umbali, nacho kiendeshwe kwa makubaliano ya halmashauri tatu za Kondoa na Chemba, huku Jiji la Dodoma likichangia zaidi kwa sababu mapato yake ni makubwa na miradi mingi ya ujenzi iko ndani ya mipaka yake. Halmashauri zilipe mlinzi, mtunza rejesta na vifaa. Serikali Kuu ilipe mhifadhi mwenye taaluma, ifanye ukaguzi wa kila mwaka na kubaki na mamlaka ya kisheria. Chuo Kikuu cha Dodoma kilete wanafunzi wa kufanya kazi ya kuorodhesha, ambayo ni mafunzo kwao na nafuu kwa mfuko. Vitu adimu na dhaifu, kama mabaki ya binadamu, viendelee kwenda Makumbusho ya Taifa. Na kuhusu hayo wazee wa Kirangi na Kisandawe waulizwe kabla, kwa kuwa miamba ya Kondoa, Mungomi wa Kolo ikiwemo, bado ni mahali pa matambiko.

Najua mtu wa upande wa pili atasema kwamba makubaliano ya namna hii yatavunjika mara tu mkurugenzi mmoja atakapochelewesha mchango wake, na kwa kweli inaweza kutokea. Kwa hiyo makubaliano yataje waziwazi kwamba halmashauri ikishindwa kuchangia kwa miaka miwili mfululizo, Idara ya Mambo ya Kale itachukua masanduku na nakala ya rejesta ndani ya miezi sita, na kwamba gharama ya usafirishaji itakatwa katika akaunti ya ada za wajenzi. Kama kifungu hicho hakimo, ningewashauri madiwani wasipitishe kasma hiyo, na vitu viendelee kwenda Dar es Salaam kama vilivyokwenda vile vya Kisese.